Chai ya kikohozi ya chupa: iuzwe bila usajili?

Mzee_wa_Wandegeya: Hapa Kampala, soko la Owino na taksi paki, chai ya kikohozi inauzwa kwenye chupa za maji zilizokwisha tumika, bila jina la mmea wala tarehe. Sheria ya tiba asili ipo tangu 2019, NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, ipo. Isiyosajiliwa isiuzwe. Anayetaka achemshe kwake, ingawa wengi wenu mnachemsha asali mpaka inabaki sukari.

Nnalongo_K: Sukari? Anayejua kazi hachemshi asali, ssebo. Maji lita 1, tangawizi mbichi ya kidole gumba, iliyopondwa. Chemsha dakika 10, umefunika. Epua ndipo utie mchaichai na majani ya mujaaja (jamii ya mrehani), kiganja kimoja, ufunike tena dakika 10. Ukiacha wazi, harufu yote imekwenda na mvuke, na harufu ndiyo dawa. Asali kijiko kwa kikombe, chai ikishapoa kiasi cha kunyweka.

Duka_la_Dawa: Mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali hata ya kulambishwa. Huweza kubeba mbegu za vijidudu vya botulizimu, vinavyotoa sumu, na utumbo wake bado hauziwezi. Hilo wa chupa hawakwambii.

Omunyankole: Nyie mitishamba mpaka mzungu aisifu. COVIDEX, dawa ya mitishamba, si ilitoka Mbarara? NDA waliipitisha 2020, ikatibu Korona.

Duka_la_Dawa: Juni 2021, tena kama dawa ya kusaidia tiba, si ya kuponya. Na ilipita mlango huohuo wa NDA anaousema Mzee.

Omunyankole: Haya, mwalimu. Na gome la mti wa abasi? Linawasha kama pilipili, kifua kinafunguka. Hilo nalo lina haja ya lebo?

Mlinzi_wa_Mabira: Abasi mnaimaliza nyie! Mtu anachuna gome kuzunguka shina zima. Chakula kinachotengenezwa na majani kinapita ndani ya gome, kwa hiyo hakishuki, mizizi inakufa njaa na mti unakauka umesimama. Chuna ukanda mwembamba, upande mmoja, basi. Tena majani yake nayo yanawasha.

Nnalongo_K: Majani wachuuzi hawayataki. Gome kavu linajaa gunia na kukaa.

Mzee_wa_Wandegeya: Niliuliza habari ya chupa. Chai isiyo na kihifadhi ikilala kwenye joto inachacha, na limau linaficha uchachu.

Omunyankole: Basi abasi tumewaachia, tutatia mafuta ya mkaratusi.

Duka_la_Dawa: HAYANYWEWI. Kidogo tu humtia mtoto degedege. Majani ni ya kujifukiza, tena mtoto akae mbali na sufuria ya moto. Na kikohozi kikifika wiki 2, acha chai, kapime makohozi. Kituo cha serikali TB hupimwa na kutibiwa bure.

Omunyankole: Nani kakwambia nina TB? Chunga mdomo, wewe muuza panado!

Mlinzi_wa_Mabira: Kabla hujagombana na mwenye duka, lile gome unalitoa msitu gani?