Jaji amekata alama kwa kadenza ambayo Mozart hakuiacha: nataka majibu

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Nimejizuia siku nne nisiandike, kwa kuwa hasira mbichi humtia mtu katika maneno ya kujutia. Siku nne zimepita na hasira iko pale pale, basi nimeona bora niyaseme hapa, penye watu wanaojua kinanda, kuliko kuendelea kuwachosha wenzangu barazani.

Mwanafunzi wangu, binti wa miaka 19 ambaye namfundisha nyumbani Kikwajuni tangu alipokuwa na miaka 11, alishiriki mashindano madogo ya vijana hapa Mji Mkongwe. Alipiga sehemu ya kwanza ya konseto (utungo wa piano na okestra) ya Mozart ya mwaka 1785, ile nambari 20 ya D ndogo, nami nikawa okestra yake kwa kinanda cha umeme pembeni. Piano ya ukumbi ule imekula chumvi na unyevu kama piano nyingi za pwani, na ina kibonye kimoja cha besi ambacho kikishabonyezwa hurudi kwa kusitasita. Binti alikigundua tangu mazoezini akawa anakigusa kwa wepesi. Hayo siyalalamikii.

Ninacholalamikia kilitokea karibu na mwisho. Wanaoijua konseto ile wanajua kwamba okestra hupanda, ikafika kwenye akodi (noti kadhaa kwa pamoja) moja ya kusubiri, na juu ya akodi hiyo pamechorwa nusu duara yenye nukta ndani, kisha watu wote wananyamaza. Hapo ndipo mpiga piano hubaki peke yake na kubuni kadenza, yaani kipande chake mwenyewe kabla okestra haijarudi. Mozart alipoipiga mwenyewe alijua atafanya nini pale, lakini kadenza yake ya konseto hii haikutufikia. Binti akabuni ya kwake, kiasi cha dakika moja na nusu. Aliichukua ile sauti ya upweke ambayo piano huingia nayo mara ya kwanza, akaihamishia mkono wa kushoto, akaizungusha katika tuni mbili tatu ambazo wala mimi sikuzitarajia, akashuka kwa skeli hadi kwenye trili ndefu (noti mbili zikipokezana kwa kasi), na trili ile ndiyo iliyoniambia niingie na okestra. Alichokuwa amekiandaa ni njia tu, noti zake zilikuwa zikibadilika kila siku ya mazoezi.

Karatasi ya alama iliporudi tukakuta amekatwa alama 6, na maelezo ya jaji ni haya: “Hakupiga kilichoandikwa. Tabia za jazi.” Kana kwamba hayo hayakutosha, bwana yule akasimama mbele ya wazazi akaeleza kwamba wapiga piano wa jazi hubuni kwa sababu vidole vyao havikusomeshwa, na kwamba mtu akishindwa kupiga kilichopo ndipo hukimbilia kuzua. Nilimfuata baadaye kwa adabu nikamuuliza kadenza iliyoandikwa na Mozart iko wapi. Akanijibu, “Mwalimu, mbona imo kitabuni?” Iliyomo kitabuni mwake ni ya Beethoven! Konseto ile ilipotungwa Beethoven alikuwa kijana wa miaka 14 kule Bonn, na kadenza hiyo aliiandika miaka mingi baadaye kwa sababu hiyo hiyo, yaani aliikuta nafasi tupu. Kwa hiyo binti yangu ameadhibiwa kwa kufanya alichokifanya Beethoven.

Mtu anayejiita mlinzi wa muziki wa klasiki angalau aijue historia ya anachokilinda. Mwaka 1747 Bach alifika Potsdam kwa Mfalme Frederick, akapewa sauti moja ngumu, akaijengea fyugi ya sauti tatu, yaani utungo ambao sauti huigana na kufuatana, palepale kwenye kinanda. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1781 Mozart na mpiga piano mwenzake Clementi walishindanishwa mbele ya Mfalme Joseph wa Pili huko Vienna, na kubuni papo hapo kulikuwa sehemu ya mashindano yenyewe. Czerny, ambaye mazoezi yake ya vidole jaji huyu huyu huyasifu kila anapopata kipaza sauti, alichapisha kitabu kizima cha kufundisha kubuni mnamo 1829. Uwezo huu ulififia katika muziki wa klasiki kwa sababu skuli ziliacha kuusomesha. Leo asiyesomeshwa ndiye anayemhukumu aliyejifunza.

Kuhusu vidole visivyosomeshwa, nashindwa hata pa kuanzia. (Tuelewane kwamba sizungumzii bendi zetu za dansi za bara zilizojiita jazi, ambazo nazipenda kwa sababu nyingine kabisa.) Tazameni wapiga piano wa jazi wenyewe: Oscar Peterson alifundishwa Montreal na Paul de Marky, ambaye mwalimu wake alikuwa mwanafunzi wa Liszt, bingwa wa piano wa klasiki. Herbie Hancock alipiga konseto ya Mozart pamoja na okestra kuu ya Chicago akiwa na miaka 11. Art Tatum, ambaye alikuwa karibu kipofu, mkono wake wa kushoto uliruka kutoka noti ya besi hadi akodi ya katikati kwa kila pigo la mwendo wa kasi, huku wa kulia ukimwaga skeli zilizo sawa kama shanga, na Horowitz mwenyewe, mpiga piano mkubwa wa klasiki, alimstaajabia. Nani atasema mikono ile ilikuwa inababaisha?

Wala kubuni si pahala pa kujificha. Mwaka 1959, mpiga saksafoni wa jazi John Coltrane aliporekodi “Giant Steps”, kwenye piano alikuwepo Tommy Flanagan, fundi hasa, lakini akodi zilikuwa zikibadilika kwa kasi na kwa mpangilio usiozoeleka hata solo yake ikatoka vipande vipande, na rekodi ipo kila mtu aisikie. Anayepiga Chopin akikwama anajua alipotakiwa kwenda, na ameshapapita mara mia tano. Anayebuni huchagua noti, huisikia akodi inayokuja na huhesabu baa (mafungu ya mapigo), yote kwa wakati mmoja.

Sisemi hivi kuwadharau wa klasiki, maana na mimi nimelelewa huko. Kupiga etudi (utungo wa kuzoeza ufundi) ya pili ya Chopin, ambayo vidole vitatu vidhaifu hukimbizwa ukurasa baada ya ukurasa bila kupumzishwa, na bado sauti ibaki nyepesi, ni kazi ambayo wapiga jazi wengi hawaiwezi na hawana haja nayo. Na mashabiki wa jazi nao waache kutuambia kwamba kila noti huzaliwa ukumbini. Tatum alikuwa na vipande alivyovipiga karibu vile vile mwaka hadi mwaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yamesemwa Unguja. Mimi kabla ya piano nilipiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, na nilikaa miaka katika vyumba vya mazoezi ya taarabu nikiwasikiliza wazee wakipiga taksimu, yaani kubuni peke yao ndani ya maqamu, njia za noti za Kiarabu. Mzee alikuwa akianza maqamu ya Bayati kwa noti tatu nne tu, anaizunguka, anachungulia ya Hijazi, kisha anarudi nyumbani mpaka mtu ukashusha pumzi uliyokuwa hujui kwamba umeibana. Haikuandikwa popote. Ukimwambia mzee yule kwamba anazua kwa kuwa hakusoma, atakutazama tu na kuendelea kukaza nyuzi zake, na zile ni zaidi ya sabini.

Basi naomba mawili. Kwanza, waandalizi watoe hadharani masharti ya kutoa alama yaliyotumika usiku ule, kwa sababu fomu tuliyosaini haisemi popote kwamba kadenza lazima iwe ya Beethoven. Pili, zile alama 6 zirudishwe, au jaji aeleze kwa maandishi ni noti ipi iliyoandikwa ambayo binti aliiacha. Karatasi ya alama ninayo, na nakala ya muziki ninayo, ukurasa wenye ile nusu duara nimeukunja pembe. Binti mwenyewe tangu siku ile kadenza ameiacha, na jana alikuja darasani na ile ya Beethoven, ameshaihifadhi yote.