Mrejesho: Siku 10 za ukimya, nimerudi

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama mtu aliyechoshwa na kazi na asiyepata usingizi anaweza kwenda kituo cha kutafakari akapumzike tu. Nina wiki mbili tangu nirudi. Asanteni sana, hata mlionicheka.

Aliyesema "hiyo si likizo" alisema kweli tupu. Nilichukua kozi ya siku 10 ya Vipassana, aina ya kutafakari yenye asili ya Kibuddha, ile ya utaratibu wa mwalimu S. N. Goenka. Kengele inalia saa 10 alfajiri, mnatafakari karibu saa 10 kwa siku, simu mnakabidhi, na kuongea hakuna. Siku tatu za kwanza ni kufuatilia pumzi tu. Siku ya pili nilishafunga begi! Nikakumbuka ushauri wenu kwamba nimwone kwanza mwalimu. Nikaenda, nikabaki.

Kuomba kiti badala ya kukaa sakafuni kuliuokoa mgongo wangu. Kupunguza kahawa mapema nako kulisaidia. Vizibo vya masikio ndiyo havikufua dafu mbele ya mkoromo wa jirani yangu.

Usingizi umerudi nusu: nalala mapema, ila usiku wa manane bado macho yako wazi. Wanahimiza uendelee nyumbani kwa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Hapo nimeshindwa, nafanya dakika 20.

Kama unachotaka ni utulivu tu, tafuta kituo kinachopokea wageni siku mbili tatu bila ratiba ya kozi. Mimi safari ijayo naenda huko.