Tisa Desemba Tabora: uwanja urudi, au tubaki na fagio na miche?

Mwalimu wa michezo, Ipuli

Naomba tulijadili hili mapema, Novemba isije ikatukuta tunakimbizana: Siku ya Uhuru turudishe halaiki uwanjani, yaani watoto wakicheza pamoja kwa safu, au tubaki na usafi na kupanda miti? Mwaka 2015 sherehe za kitaifa za Uhuru zilifutwa, tukaambiwa tufanye usafi kwa sababu ya kipindupindu, na shilingi bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Mwenge–Morocco, Dar es Salaam. Mwaka 2022 zikafutwa tena, milioni 960 zikaenda kwenye mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Sina ugomvi na barabara, na mabweni ndiyo kabisa. Lakini zile zilikuwa fedha za sherehe ya kitaifa. Halaiki ya Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hapa Tabora haili bilioni.

Hesabu yake ni hii. Watoto 400, safu 20 za watoto 20, kila mmoja mita 2 kutoka kwa mwenzake, wanakaa kwenye mraba wa mita 38, yaani ndani ya nusu ya uwanja wa mpira. Mazoezi siku 15. Kikombe cha uji ni gramu 50 za unga na gramu 20 za sukari: siku zote hizo ni kilo 300 za unga na kilo 120 za sukari. Maji ya kunywa lita 600 kwa siku. Baada ya hapo ni vitambaa, ngoma na alama za uwanjani.

Alama ndizo zinazowaangusha wengi. Chokaa Desemba haifai, mvua moja tu imeondoka. Kinachodumu ni kizibo cha soda kilichopigiliwa chini kwa msumari wa inchi 3, kichwa kikiwa sawa na ardhi. Misumari ihesabiwe inapoingia na ihesabiwe inapotoka, maana mmoja ukibaki utamchoma mchezaji.

Kosa la pili ni spika mbili, moja kila goli. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 100 mbali inachelewa karibu theluthi ya sekunde. Kila mtoto anafuata iliyo karibu naye, na kutoka jukwaani utaona mawimbi badala ya mstari. Dawa yake ni ngoma moja katikati na kibendera kimoja mbele. Mambo haya huwezi kuyafundisha kwa barua. Yanarithiwa uwanjani, na uwanja ukilala miaka mitano hakuna wa kumrithisha mwenzake.

Mzazi, Ng'ambo

Mwalimu, shikamoo. Uji umeupiga hesabu, kalenda umeiruka. Ikifika Tisa Desemba shule kwa kawaida zimeshafungwa. Siku 15 za mazoezi maana yake mtoto azuiwe likizo, wakati huohuo nyumbani mahindi yanapandwa na miche ya tumbaku inahamishwa shambani. Halafu kuna kuzimia. Watoto wanapangwa saa 12 asubuhi, mgeni rasmi anaingia saa 4. Aliyesimama wima amekaza magoti, tumbo tupu, damu inatuama miguuni, anaanguka. Wazazi hatuna chuki na Uhuru, tunachokataa ni watoto wetu kusimamishwa kwa muda wa saa nne wakimsubiri mtu mmoja.

Afisa misitu, Urambo

Mimi niko upande wa miche, ila miche ya kweli. Tisa Desemba imekaa mahali pazuri mno kwa mkoa huu: mvua zimeshika, na mti unapata miezi minne au mitano ya kutafuta maji chini kabla ya kiangazi. Dar es Salaam wapige gwaride, sisi tupande.

Tatizo ni kwamba tunapanda kwa ajili ya picha. Shimo linachimbwa asubuhi hiyohiyo, sentimita 20, kiongozi anatumbukiza mche na kiriba chake, ule mfuko wa nailoni, anamwagia kopo la maji, makofi. Mizizi inazunguka ndani ya nailoni, na ikifika Agosti mche umekauka. Shimo lichimbwe wiki mbili kabla, sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu utengwe na ule wa chini. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri, kwa sababu samadi mbichi inaita mchwa, na mchwa wa Tabora hawasubiri kualikwa. Kiriba kichanwe kwa wembe pembeni mpaka chini, kitolewe chote. Shingo ya mche ibaki usawa wa ardhi, isizikwe.

Na idadi ipungue. Ukipanda kwa mita 3 kwa 3, hekta moja inameza miche 1,111. Nani ataimwagilia Septemba? Afadhali miembe 30 yenye uzio wa miiba na jina la mtaa unaoitunza. Miembe ya njia ya misafara, kutoka huku hadi Ujiji, watu waliipanda wakijua watapita tena.

Mwanafunzi wa historia, Cheyo

Mnagombania fagio, ngoma na jembe, na mji wenyewe mmeusahau. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU, chama kilichopigania Uhuru, ulifanyika hapahapa Tabora, ukakubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura inaharibika. Wengi waliona ni tusi. Lakini uamuzi huo, unaoitwa Uamuzi wa Busara, ndio ulioifikisha TANU kwenye ushindi. Waambieni watoto wapige kura ile upya, masanduku matatu uwanjani, dakika 20 tu. Wataelewa Uhuru kuliko wanavyoelewa kwenye hotuba ya saa mbili.

Mwalimu wa michezo, Ipuli

Marahaba, mzazi. La kusimama umenishinda, silitetei. Basi tufanye hivi: halaiki ya watoto 400, mazoezi siku 10, Jumamosi na jioni za Novemba kabla shule hazijafungwa. Watoto wakae chini mpaka mgeni ashuke garini. Kuanza saa 2, kumaliza saa 4, kwani mvua nyingi za Desemba huku huanguka baada ya adhuhuri.

Na wewe wa historia, picha ya mwisho iwe bendera ya Tanganyika ya 1961. Safu 20 zinatosha barabara: 6 kijani, 1 njano, 6 nyeusi, 1 njano, 6 kijani. Buluu isiwemo, hiyo ilikuja na Muungano 1964, na mara nyingi inachomekwa kimakosa. Safu moja ya njano itamezwa ukiitazama kutoka jukwaani, kwa hiyo wapangwe watoto warefu, na vitambaa wavinyanyue juu ya kichwa wakati wengine wameshika kifuani.

Afisa misitu, Urambo

Mkitoka uwanjani saa 4, mashimo yawe tayari tangu tarehe 25 Novemba. Wembe nitaleta mimi.