Tupeane uzoefu: halmashauri yenu ilifanya nini mpaka ufaulu wa watoto ukapanda kweli? (Dodoma na kanda ya kati)

MamaKamati
Mbukwenyi wadau. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Chamwino, hivi karibuni tunakaa kikao na diwani pamoja na afisa elimu kata na ajenda kubwa ni ufaulu. Kila tukikaa hiki kikao tunasema yaleyale, wazazi hawafuatilii, walimu hawatoshi, watoto watoro, halafu tunakunywa soda tunaondoka. Safari hii nataka niingie na mambo ambayo mahali fulani yalishafanyika na watu wakaona tofauti. Mkoa wetu una halmashauri nane, Jiji, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa Mji, Kondoa DC, Kongwa na Mpwapwa, lazima kuna mtu kaona kitu. Singida na Manyara pia karibuni. Uwe mwalimu, mzazi, mtu wa ofisi ya elimu au ulikuwa mwanafunzi tu, sema ulichokiona. Kama ni jambo baya usitaje shule wala ofisi, hatujaja kushtakiana.

Ticha wa la Pili
Dada MamaKamati asante kwa kuleta hii mada maana inanigusa sana. Mimi nafundisha darasa la kwanza na la pili upande wa Bahi.

Shule nyingi ukienda utakuta mwalimu mkali anayejua kufundisha yuko la saba, kwa sababu la saba ndio matokeo yanabandikwa na mkurugenzi anauliza. La kwanza na la pili anapewa aliyebaki, anayeumwa au anayekaribia kustaafu, tena peke yake na watoto mia na zaidi wakati uwiano wa serikali ni mwalimu mmoja watoto 45. Sasa huyo mtoto akipita la pili hajui kusoma, hata umpeleke kwa malaika la saba atafanya nini? Mtihani wa la saba ni masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300, na kufaulu kunaanzia 121. Hata swali la hisabati linasomwa kwanza. Mtoto asiyesoma anabahatisha herufi anatia kivuli basi.

Kwetu kilichobadilisha ni pale afisa elimu kata alipoamua kila mtoto wa la pili apimwe mmoja mmoja, anakaa na mwalimu anasoma silabi, akiweza anasoma maneno, akiweza anasoma kahabari kafupi na kuulizwa maswali mawili. Hakuna karatasi ya mtihani wala kunakili ya jirani. Tulipomaliza la pili akasema hebu pandeni la tatu mpaka la tano, tukakuta huko juu watoto wengi tu wanaishia kwenye silabi na walikuwa wanapanda madarasa miaka yote. Hakumfokea mtu. Tukakubaliana saa ya kwanza asubuhi madarasa yanavunjwa, watoto wanakaa kwa uwezo, wa silabi pamoja bila kujali wa la tatu au la tano, wa maneno pamoja, wanaosoma wanapewa vitabu vya hadithi. Walimu wote tunashiriki mpaka mwalimu mkuu. Baada ya muda unapima tena, anayeweza anahama kundi, na kuhama kundi watoto wanakupenda kuliko zawadi.

Halafu lugha. Watoto wetu wengi wanaingia wanajua Cigogo tu, wengine wa wafugaji wanajua Kitaturu. Ukianza siku ya kwanza "huu ni mwiko, hii ni meza" anakukodolea macho unadhani hana akili. Dodoma tulikuwa kwenye ile programu ya kuboresha elimu ya msingi, EQUIP-Tanzania, kulikuwa na darasa la utayari kijijini kabla ya la kwanza, kijana wa hapohapo kijijini anawasimulia watoto hadithi na kuwachezesha kwa Kiswahili, na waliopita pale niliwapokea mwenyewe darasani, walikuwa tofauti kabisa na wenzao. Programu iliisha ila hilo wazo halihitaji mfadhili, kijana wa kuhadithia hadithi mnaye hapo kijijini.

Baba wa Kibaigwa
Mwalimu nakuheshimu lakini mimi natetea kambi za darasa la saba. Binti yangu alikaa kambi shuleni miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa Septemba, sisi wazazi tulichanga mahindi na maharage, walimu wanapokezana usiku, na alama zake zilipanda kutoka alizopata mtihani wa utamilifu (mock) wa wilaya. Sasa yuko sekondari. Watu wanaoponda kambi mara nyingi watoto wao wako shule za mabasi ya njano.

Mzee Mthibiti
Hongera kwa binti Baba wa Kibaigwa. Mimi nimestaafu uthibiti ubora wa shule, enzi zetu tukiitwa wakaguzi. Sitaki kukupinga ila nikuulize, kule kambini binti alipata nini ambacho nyumbani hakuwa nacho? Alipata chakula mara tatu, taa ya kusomea, hakuchota maji, hakulea mdogo wake, hakutembea kilomita kadhaa asubuhi, na mwalimu alikuwa karibu akikwama. Ndio maana alipanda. Hayo hayahitaji kungoja la saba wala kulala shuleni. Nimepita shule nyingi za mkoa huu, zile zinazofanya vizuri mwaka hadi mwaka bila kuyumba nilikuta uji unaiva kila siku, mwalimu yuko darasani kipindi chake na daftari la mtoto limesahihishwa. Nilikuwa nikifika shule siendi ofisini kwanza, naomba madaftari ya watoto watano wa la nne. Azimio la kazi na andalio la somo mwalimu anaweza kuandika usiku mmoja akisikia nakuja, lakini daftari la mtoto lisilosahihishwa tangu Machi huwezi kulifuta.

Baba wa Kibaigwa
Shikamoo mzee. Hapo nimekuelewa. Chakula kweli kilikuwa ndio kitu kikubwa.

Mama Uji
Kwenye chakula ngoja niseme maana nimekuwa kwenye hiyo kamati ya lishe ya shule. Dodoma mnajua mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo Januari mpaka Machi ghala ni tupu nyumbani na ndio shule zinafunguliwa. Mwalimu mkuu akiita mkutano wa wazazi Januari kuomba mchango wa chakula anaomba wakati watu hawana kitu, wanasaini wakitoka hapo hawatoi. Na tangu 2018 michango ya kulazimisha ilivyokatazwa wengi walijua hata chakula kimekatazwa, shule nyingi zikaacha kupika. Mwaka 2021 ukatoka mwongozo wa taifa wa chakula na lishe shuleni, wazazi wanakubaliana wenyewe kwenye mkutano, muhtasari unaandikwa, hakuna mtoto kurudishwa nyumbani kisa hajaleta.

Sisi tukahamisha mkutano ukawa wa Juni, watu wanavuna. Tukapiga hesabu mbele ya wazazi wote: siku za masomo ni 194 kwa mwaka, kikombe cha uji wa asubuhi weka gramu 60 za unga, haifiki hata kilo 12 kwa mtoto. Debe moja la mahindi ni kama kilo 18, maana yake debe linatosha uji wa mwaka mzima na linabaki la kulipia mashine na sukari kidogo. Asiye na mahindi alete mtama au uwele, asiye na shamba alete kuni au aje kupika zamu. Mtunza stoo ni mzazi, sio mwalimu, na kila wiki kilichotoka kinaandikwa ubaoni nje ya stoo kila mtu anaona. Mahudhurio ya la kwanza yalibadilika kabla hata hatujaongea habari ya ufaulu.

Afisa wa Pikipiki
Mama Uji umenikumbusha mahudhurio. Mimi ni afisa elimu kata, sitasema wapi. Ofisini tunatuma asilimia ya mahudhurio ya mwezi, unaandika 84 inaenda wilayani inaishia hapo. Siku moja nikachukua madaftari ya mahudhurio ya shule zangu nikahesabu kwa siku ya wiki. Siku ya mnada darasa linapungua sana, wavulana wanaswaga mbuzi na wasichana wanabaki na wadogo mama kaenda kuuza. Nikahesabu kwa mwezi, Aprili na Mei watoto wanaamia ndege kwenye mtama na uwele maana kwelea kwelea wakishuka shamba linaisha. Shule za upande wa zabibu Agosti na Septemba wanavuna, na Septemba hiyohiyo ndio mtihani wa la saba!

Kwa hiyo nikaacha kusema "utoro" kwa ujumla. Mnada tulikaa na mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, ikakubalika mtoto wa umri wa shule akionekana mnadani asubuhi mzazi anaitwa palepale, na viongozi walisimamia kweli miezi ya mwanzo. Kuamia ndege huwezi kukataza kwa faini, familia italala njaa, tulichofanya ni vitongoji kupangiana zamu za mashamba yanayopakana, watu wazima asubuhi, watoto jioni baada ya shule. Haikukubalika kila kitongoji, nasema ukweli, lakini palipokubalika watoto walirudi. Na walimu tukawaomba mada ngumu za hisabati wasiziweke siku ya mnada.

Mtoto wa Farkwa
Mimi nilisoma Chemba, sisi tulikuwa mbali, kutoka nyumbani mpaka shule unaondoka giza unafika jua kali. Kilichowaokoa wadogo zangu ni shule shikizi, yaani shule ndogo ya karibu iliyo chini ya shule mama. Kijiji kilianza na madarasa ya udongo kwa ajili ya awali mpaka la pili, mama mlezi anafundisha, baadaye zikaja zile pesa za UVIKO za kujenga madarasa mwaka 2021, kati ya madarasa 15,000 ya nchi nzima 3,000 yalikuwa ya vituo shikizi. Mdogo wangu wa mwisho alianza shule ana miaka sita, mimi nilianza na tisa kwa sababu ya umbali tu.

Mwl Ikama
Kuna hili la mgawanyo wa walimu. Halmashauri moja niliyofanya kazi shule ya karibu na lami ilikuwa na walimu mpaka wanagawana vipindi, ukiingia ndani huko wapo watatu kwa madarasa saba. Wakaja na orodha wakahamisha watu kusawazisha ikama (idadi ya walimu kwa kila shule), vizuri kabisa, lakini nyumba hakuna, maji unanunua, ndani ya mwaka wengi walisharudi kwa barua za hospitali na za ndoa. Baadaye nikahamia kwingine, huko walianza na nyumba, kijiji kikafyatua tofali, halmashauri ikaleta bati kutoka mapato ya ndani, na mkurugenzi akahakikisha mwalimu wa pembezoni analipwa pesa yake ya uhamisho kabla hajapakia vyombo. Wale walibaki. Tukiendelea kuhamisha watu kwa barua tu tutahamisha milele.

Shahidi
Naomba niseme hili japo linauma. Nilikaa kwenye kikao cha tathmini ya elimu cha wilaya fulani, wakuu wa shule za mwisho walisimamishwa mbele ya watu na kukabidhiwa kinyago wakae nacho ofisini mwaka mzima. Ukumbi ukacheka. Mwaka uliofuata shule mojawapo ilipanda sana, watu wakasifu, mimi nilikuwa pale najua ilivyopanda, watoto dhaifu walikaririshwa madarasa ya chini na wengine wazazi walishauriwa wawahamishe. Idadi ya watahiniwa ilishuka, asilimia ikapanda. Tangu siku hiyo mtu akinitajia asilimia ya ufaulu namuuliza la kwanza walianza wangapi na wamefika la saba wangapi. NECTA (Baraza la Mitihani) walivyoacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023 mimi nilifurahi. MamaKamati ukienda kwenye kikao omba hizo namba mbili, zipo shuleni kwenye rejesta.

Mzee Mthibiti
Shahidi umesema jambo zito na ni kweli lilikuwepo. Hao waliokaririshwa ndio walewale wa Ticha wa la Pili waliokwama kwenye silabi.

Somo la Jumamosi
Mimi niongeze MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini. Shuleni kwetu tunakaa kila wiki kwa muda wa saa moja, mwalimu mmoja analeta mada iliyomshinda, mwingine anaonyesha anavyoifundisha. Mimi sehemu (zile nusu na robo) nilikuwa nakariri tu mpaka mwenzangu alipofundisha kwa kukunja karatasi. Ila kama mwalimu mkuu hakai kwenye kile kikao kinakufa ndani ya mwezi.

MamaKamati
Wadau nimeandika kurasa na kurasa. Mnisaidie jambo la pesa, mwalimu mkuu akisema ruzuku ya serikali ipo namjibu nini?

Mwl Ikama
Ruzuku ya uendeshaji ilivyopangwa elimu bila malipo ilipoanza 2016 ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 6,000 inaingia akaunti ya shule na 4,000 ni ya vitabu. Shule ya watoto 400 hiyo ni 2,400,000 kwa mwaka, yaani laki mbili kwa mwezi, ndani yake chaki, ukarabati, mitihani na michezo. Chakula hakimo humo. Kamati yenu ina haki ya kuona mapato na matumizi yakiwa yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo, muulizeni kwa heshima tu.

MamaKamati
Asante sana mwalimu. Mama Uji, kwetu mkutano wa Juni umeshapita na watu wameshaanza kuuza mahindi, nifanyeje?

Mama Uji
Msingoje mwaka mwingine dada. Wameanza tu kuuza, mahindi na mtama bado yapo kwa watu, chukueni hata nusu debe sasa hivi mpikie awali mpaka la pili peke yake, hao ndio wadogo na ndio wanaoanguka njaa saa nne. Anzeni na sufuria moja na wazazi wawili wa zamu. Wa la tatu wakiona wenzao wanakunywa, wazazi wao watakuja wenyewe kuuliza wanapeleka wapi debe.

Ticha wa la Pili
Na siku hiyo ya kwanza ya uji wapimeni kusoma, mmoja mmoja. Nikutumie inbox karatasi ya silabi tunayotumia?

MamaKamati
Nitumie mwalimu, leo hii.