Taa inafifia baada ya nusu dakika na haifuati sensa: Arduino Uno na HC-SR501

Mlango_wa_Stoo:

Habari zenu wakuu. Ninajifunza kuandika programu za Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki inayoendeshwa kwa programu, na nimekusudia kutengeneza taa ya mlango wa stoo itakayowaka mtu anapokaribia na kuzimika dakika moja baada ya mtu wa mwisho kupita. Kwa sasa ninajaribia taa ndogo ya LED yenye rezista ya omu 220 kwenye pini ya 8, na sensa ya mwendo aina ya HC-SR501 kwenye pini ya 2, ikipata volti 5 kutoka kwenye bodi hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba taa huwaka mara tu ninapochomeka waya wa USB, hata chumba kikiwa kitupu. Baada ya nusu dakika hivi mwanga hufifia na kubaki hafifu, usizimike wala usirudie nguvu yake, mtu awepo asiwepo. Nimebadilisha LED, rezista na waya zote bila mafanikio. Msimbo ni huu:

```
int sensa = 2;
int taa = 8;
int hali = 0;
int mwanzo = 0;

void setup() {
  pinMode(sensa, INPUT);
  pinMode(taa, OUTPUT);
}

void loop() {
  hali = digitalRead(sensa);
  if (hali = HIGH) {
    digitalWrite(taa, HIGH);
    mwanzo = millis();
  }
  if (millis() - mwanzo > 60000) {
    digitalWrite(taa, LOW);
  }
}
```

Koleo:

Ndugu, iache sensa kwanza, haina kosa. Tazama mstari wenye `if (hali = HIGH)`. Alama moja ya usawa haiulizi, inaamuru: inaiweka HIGH, yaani 1, ndani ya `hali`, na kulifuta jibu ambalo sensa imetoka kulitoa kwenye mstari wa juu yake. Kwa kuwa 1 huhesabiwa kuwa kweli, sharti hilo hutimia kila mzunguko, hata ukiing'oa sensa kabisa. Andika `==`. Hukuonywa kwa sababu mstari huo ni halali katika lugha ya C++, na Arduino IDE, ile programu ya kompyuta unayoandikia msimbo, huja ikiwa imezimiwa maonyo. Ingia Preferences, kwenye Compiler warnings chagua All, kisha pakia upya; mstari huo utatajwa.

Mlango_wa_Stoo:

Nashukuru sana. Sasa chumba kikiwa kitupu taa haiwaki, lakini nikipita mbele ya sensa huwaka kwa mwanga uleule hafifu, na huzimika baada ya sekunde chache badala ya dakika. Linalonishangaza ni kwamba rafiki yangu ameupakia msimbo huuhuu uliosahihishwa kwenye ESP32, bodi nyingine ya kujifunzia, akabadilisha namba za pini tu, na kwake taa inakaa dakika nzima. Je, Uno yangu ni mbovu?

Pini13:

Kwa nini usiondoe hesabu yote ya `millis()` na kuweka `delay(60000)` baada ya kuwasha taa? Ni mstari mmoja tu.

Mzee_wa_Maabara:

Bodi yako ni nzima. Kosa limo katika `int mwanzo`. Kwenye Uno, `int` ina biti 16 na haiwezi kubeba namba inayozidi 32,767, ilhali kwenye ESP32 ina biti 32, na ndiyo sababu rafiki yako hakuliona tatizo. Kwa kuwa `millis()` huhesabu milisekunde tangu bodi iwashwe, kabla ya sekunde ya 33 kutimia kigeu chako huwa kimejaa na kugeukia upande wa hasi. Chukua `millis()` ikiwa 40,000: ukiihifadhi kwenye `mwanzo` inageuka kuwa -25,536, na mstari unaofuata ukitoa -25,536 katika 40,000 unapata 65,536, ambayo imeshazidi 60,000 ingawa kwa hakika haijapita hata milisekunde moja. Hivyo taa inawashwa na kuzimwa papo hapo, maelfu ya mara kwa sekunde, na jicho huona mwanga uliopungua tu. Andika `unsigned long mwanzo = 0;` na yote mawili, mwanga hafifu na kuzimika mapema, yatakwisha. Hesabu ya `millis()` yenyewe hurudi sifuri baada ya siku 49 na ushei, lakini kutoa kwa namna ulivyoandika hakuharibiwi na hilo, kwa hiyo usikugeuze kuwa `millis() > mwanzo + 60000`.

Pendekezo la `delay` silikatai kwa taa ya kujifunzia, ila ndani ya dakika hiyo bodi haisomi chochote: aliyeingia sekunde ya 50 na kutulia anahesabu magunia atazimiwa taa baada ya sekunde 10.

Sasa sensa. Ikishapata umeme iache kama dakika moja itulie, maana katika muda huo huweza kutoa ishara za uongo. Ina vizungusho viwili vya rangi ya chungwa, kimoja cha umbali, takriban mita 3 hadi 7, na kingine cha muda; hicho cha muda kipeleke mwisho kabisa kinyume cha saa, kwa sababu programu ndiyo inayohesabu dakika, na usipofanya hivyo muda wa sensa utaongezwa juu ya wako. Usiifunge nyuma ya kioo cha dirisha, kwa kuwa kioo huzuia mionzi ya joto la mwili, na ujue kwamba mchana wa joto kali huona karibu zaidi kuliko usiku wa baridi.

Utakapohamia kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa na bodi ili kuwasha taa kubwa ya mlangoni, kagua kwanza kama ni ya kuwaka kwa LOW, kwani moduli nyingi za volti 5 ziko hivyo. Ikiwa ndivyo, badilishanisha HIGH na LOW za taa, na ndani ya `setup` andika `digitalWrite(taa, HIGH)` kabla ya `pinMode`, rilei isije ikashtuka kila bodi inapowashwa. Upande wa volti 230 mwachie fundi umeme.