Puli mpya ya Beetle: tuziamini alama zake, au tutafute upya namba moja juu?

Mtanga:
Wanajamvi, habari za asubuhi. Puli ya krenki (gurudumu la mkanda kwenye mhimili wa injini) ya Volkswagen Beetle yangu, injini ya 1300, ilikuwa imepinda kiasi kwamba mkanda wa feni ulikuwa ukiyumba huku na huku, nikaamua kununua mpya ya alumini iliyochorwa digrii ukingoni. Fundi ameifunga, akatega taimingi (wakati wa cheche kuwaka) digrii 7.5 kabla ya kilele, yaani kabla pistoni namba moja haijafika juu kabisa, kwa kufuata michoro hiyo, lakini sasa gari halipandi mlima na ekzosi inachemka kupita kawaida. Naomba tujadili: je, kuhakiki alama za puli mpya ni wajibu wa fundi, au ni mzigo wa aliyeiuza?

Bisibisi:
Ni wajibu wa fundi, kwa sababu yeye ndiye anayeishika injini mkononi. Atoe plagi zote nne, aingize kizuizi cha pistoni kwenye tundu la silinda ya kwanza, kisha azungushe krenki polepole kwa spana ya 30 mpaka pistoni iguse, na aweke alama ya chaki kwenye puli, mkabala na maungio ya bloku, yaani mstari ambapo nusu mbili za injini zinakutana. Azungushe upande wa pili mpaka iguse tena, aweke alama nyingine. Katikati ya chaki hizo mbili ndipo namba moja ilipo juu, hata kama mchoro wa kiwandani unasema vingine. Ama fundi anayeruka hatua hiyo na kutega taimingi kwa sikio, huyo hana tofauti na mpiga ramli.

Mzee wa Kombi:
Bwana Bisibisi, mpiga ramli ni nani? Nimetega taimingi kwa sikio tangu hujajua kushika spana, na magari yaliyopita mikononi mwangu yamepanda Lushoto yakiwa na abiria na magunia. Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1963, wala sidhani kama njiani walikuwa na muda wa kuchorachora chaki.

Mama Karbureta:
Shikamoo Mzee wetu. Kwa heshima zote, Beetle ilishinda mwaka 1962, chini ya Tommy Fjastad. Mwaka 1963 ulikuwa wa Peugeot 404.

Mzee wa Kombi:
Marahaba, mwanangu. Basi iwe 1962. Sikio ni lile lile.

Bisibisi:
Mzee, sikukulenga wewe binafsi, ila hoja naisimamia. Sikio linasikia silensa tu, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Ukiwahisha cheche kidogo, silensa hupanda na injini hulainika, kwa hiyo anayesikiliza huendelea kuzungusha distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) akidhani amefika pazuri. Madhara huja mlimani, gia ya tatu, mzigo umejaa, injini inapoanza kugonga. Na kwa kelele za feni ya Beetle, hutasikia kugonga huko mpaka pistoni imetoboka.

Mzee wa Kombi:
Na hiyo taa ya taimingi mnayoitumia badala ya sikio, ikimulika alama iliyochorwa vibaya, itakuambia nini? Fundi wa Mtanga alitumia taa, mkitaka kujua. Asome tena alichoandika.

Bisibisi:
Mtanga hakutaja taa popote. Tusiwekeane maneno midomoni.

Mtanga:
Nathibitisha kwamba alitumia taa, nami nilikuwa nimesimama pembeni nikiona mwanga wake.

Mama Karbureta:
Tumeanza na puli, tumefika kwenye masikio. Naomba mwenye gari aangalie mambo mawili. Kwanza, kipenyo. Puli nyingi za kuongezwa ni ndogo kuliko ya asili, na puli ndogo huzungusha feni polepole; injini inayopozwa kwa hewa haina msamaha katika hilo. Pili, puli za asili zenyewe hazifanani: nyingine zina mkato mmoja wa alama, nyingine miwili au mitatu, na baadhi ya injini za 1600 za miaka ya 1970 zilitegwa digrii 5 baada ya kilele. Distribyuta inayotaka 7.5 kabla, ikitegwa kwenye mkato wa hiyo digrii 5 baada, cheche itachelewa kwa digrii 12.5. Nimeliona hilo kwenye gari la shemeji yangu, ekzosi ilikuwa imeiva nyekundu jioni, na wala taa haikuwa na kosa. Kabla ya yote, pengo la platini (swichi ya cheche ndani ya distribyuta) liwe milimita 0.4, kwa kuwa ukiligusa baadaye taimingi nayo inahama.

Mtanga:
Nashukuru sana, Mama. Kipenyo ni sawasawa na cha puli ya zamani, takriban milimita 170, maana yake kila digrii moja ni kama milimita 1.5 ukingoni. Nimefuata njia ya Bisibisi kwa boliti niliyoichonga mwenyewe. Namba moja inapokuwa juu kweli kweli, sifuri ya puli bado ina milimita 9 kabla ya kufika kwenye maungio, yaani digrii 6. Kwa hiyo nilipoaminishwa kwamba niko 7.5, nilikuwa kwenye digrii 1.5 tu. Nimeweka alama yangu ya rangi nyeupe, nimetega upya, na gari limerudisha nguvu zake. Muuzaji anasema puli ikishafungwa hairudishwi. Fundi anasema yeye alifuata alama. Nani anilipe?

Bisibisi:
Fundi. Nilisema tangu mwanzo.

Mama Karbureta:
Muuzaji. Aliyechora digrii kwenye chuma ndiye aliyetoa ahadi.

Mzee wa Kombi:
Hayo ya malipo mtamalizana. Mimi nauliza neno moja tu: lile la mpiga ramli limefutwa au bado lipo?