Flamenko nchini Uhispania: tuitazame wapi ikiwa tuna jioni chache tu?

MamaKwaya_Kamalondo

Nawasalimu nyote kutoka Lubumbashi.

Mwishoni mwa mwezi wa pili nitafuatana na mume wangu kwenda Madrid, ambako kampuni yake ya migodi inampeleka kwa mafunzo. Siku za kazi atakuwa darasani tangu asubuhi mpaka jioni, lakini mwisho wa juma tutaweza kupanda treni na kutoka nje ya mji. Mimi naongoza kwaya ya parokia, na tangu ujana wangu sauti za waimbaji wa flamenko zinanigusa kuliko muziki mwingine wowote wa Ulaya. Ningependa sana kuwasikia wakiimba mbele ya macho yangu, si kwenye simu.

Ugumu wangu ni kuchagua. Hoteli imetutumia tangazo la jioni moja ambapo basi linawachukua wageni, wanakula, wanatazama dansi, kisha wanarudishwa, kwa bei ambayo ingeweza kutupeleka mji mwingine na kuturudisha. Shemeji yangu aliyesoma Ubelgiji anashikilia kwamba Madrid ni ya watalii na kwamba flamenko halisi iko Andalusia, jimbo la kusini mwa Uhispania. Rafiki yangu anasema nisiondoke bila kuona mapango ya Granada. Mume wangu naye anaitaja Barcelona, ingawa nadhani ni mpira unaomvuta. Hatuna uwezo wa kwenda kila mahali. Je, mngekuwa ninyi, mngechagua wapi, na mngeangalia jambo gani kwanza? Naomba pia mnieleze adabu za huko, maana sitaki kuwaudhi wasanii bila kujua. Mavazi na visigino nitavifurahia, lakini ninachokifuata ni sauti.

Likasi_Madrid

Mama, karibu sana Madrid, mji ninaoishi mimi pia.

Shemeji yako ana haki kwa upande mmoja tu. Watalii wapo Madrid, na wapo Sevilla na Granada vilevile. Flamenko ilizaliwa Andalusia, hilo halina ubishi, lakini kazi nyingi ziko mji mkuu, na kwa sababu hiyo waimbaji na wachezaji wengi wa kusini wanahamia hapa au wanaitwa hapa kwa muda. Kumbi ndogo zinazoitwa tablao hubadilisha wasanii mara kwa mara, na jioni nyingi wanaokutana jukwaani hawakufanya mazoezi marefu pamoja. Mchezaji anaashiria kwa miguu kwamba anataka kubadilisha mwendo, mwimbaji anamjibu kwa ubeti, na mpiga gita anawafuata wote wawili. Ukikaa karibu utayaona mazungumzo hayo yakifanyika, na kwa mtu anayeongoza waimbaji hakuna darasa bora zaidi.

Kwa hiyo jambo la kuangalia kwanza, kabla hata ya mji, ni kama ukumbi unataja majina ya wasanii wa jioni hiyo. Ukumbi unaoandika nani anaimba, nani anapiga gita na nani anacheza, una wateja wanaokuja kwa ajili ya watu hao. Tangazo lenye picha ya gauni jekundu lenye madoa na bei ya chakula, bila jina la mtu hata mmoja, linauza chakula.

Ukumbi unaojulikana zaidi hapa ni Corral de la Morería, uliofunguliwa mwaka 1956 karibu na Jumba la Kifalme. Ni ghali, lakini wasanii wake ni wa daraja la juu kweli. Kwa kawaida tiketi ya onyesho pamoja na kinywaji kimoja katika tablao za Uhispania huanzia kama euro 20 na kufika 50 au zaidi katika zile zenye sifa kubwa, na chakula cha jioni kinaweza kuifanya bei hiyo kuwa mara mbili. Ushauri wangu ni kwamba msile humo. Wahispania wenyewe hula usiku, baada ya saa tatu, hivyo mtapata chakula kizuri nje onyesho likiisha. Tena, mwimbaji anapoanza solea, wimbo wa polepole na wa huzuni, kwa sauti ya chini, kelele ya vijiko na wahudumu wanaopita kati ya meza ni hasara ambayo hakuna nyama itakayoifidia.

Kuhusu viti: fikeni nusu saa mapema ikiwa hakuna namba za viti, na chagueni pembeni lakini mbele, badala ya katikati lakini nyuma. Sakafu ya mbao ni ala ya muziki. Asiyeiona miguu anapoteza sehemu ya wimbo.

MpigaGita_Katuba

Nakubaliana na ndugu wa Likasi kuhusu majina na kuhusu chakula, lakini sikubali kwamba mji hauna uzito. Nilisomea Sevilla, na naandika haya kwa kuwa Mama amesema wazi kwamba anafuata sauti. Mtu anayefuata miguu naweza kumwacha Madrid. Mtu anayefuata sauti lazima ashuke kusini, na akiweza afike Jerez de la Frontera.

Treni ya kasi kati ya Madrid na Sevilla, iliyoanza mwaka 1992, inachukua kama saa mbili na nusu, na kutoka Sevilla mpaka Jerez ni karibu saa moja zaidi. Kwa mwisho wa juma mmoja safari hiyo inawezekana bila kuchoka sana. Sasa tazama bahati yenu: mwishoni mwa mwezi wa pili na mwanzoni mwa wa tatu ndipo Jerez inapofanya tamasha lake kubwa, ambalo lilianza mwaka 1997. Maonyesho makubwa hufanyika Teatro Villamarta, na niseme ukweli kwamba tamasha hilo linaelekea zaidi kwenye dansi. Lakini katika majuma hayo mji wote unajaa wasanii, na uimbaji unausikia katika kumbi ndogo, katika vilabu vya wapenzi wa flamenko vinavyoitwa peña, na katika tabanko, yaani nyumba za zamani za kuuza divai ya mapipa. Tabanco El Pasaje ipo tangu mwaka 1925. Humo huhitaji tiketi, unanunua kinywaji na kusimama karibu na jukwaa dogo. Ni mahali penye kelele, sikufichi, lakini ghafla mtu anafungua kinywa na chumba kizima kinanyamaza.

Jerez ina mitaa miwili, Santiago na San Miguel, ambamo familia za Wagitano, yaani Waroma wa Uhispania, zimerithishana nyimbo kwa vizazi vingi. Buleria ya huko, ambayo ni nyepesi na ya kasi, na siguiriya, ambayo ni nzito kama kilio cha msibani, huimbwa na watu waliozisikia nyumbani kabla ya kujua kusoma. Tofauti hiyo inasikika hata kwa mgeni.

Kama Jerez ni mbali mno kwenu, bakini Sevilla, na mchague ukumbi usiotumia vipaza sauti. Naipenda Casa de la Memoria: ni ndogo, haiuzi chakula wakati wa onyesho, na sauti inakufikia jinsi ilivyotoka kifuani. Makumbusho ya dansi ya flamenko iliyoanzishwa na mchezaji Cristina Hoyos mwaka 2006 nayo ina onyesho la jioni, na mnaweza kuitembelea mchana kwanza ili mjue mtakachokisikia usiku. Los Gallos, iliyopo tangu 1966 katika uwanja wa Santa Cruz, ni tablao ya mtindo wa zamani na ina heshima yake. Popote mtakapokwenda, ulizeni swali moja kabla ya kulipa: je, katika onyesho kuna wimbo ambao mwimbaji anauimba na gita peke yake, bila mchezaji? Ukumbi unaojibu ndiyo unamheshimu mwimbaji. Mkibahatika kusikia martinete, inayoimbwa bila gita hata kidogo, mtakuwa mmepata kile ambacho Mama anakitafuta.

Sasa adabu. Kwetu, kukaa kimya wakati watu wanaimba ni karibu kuwatukana, na Mama wa kwaya mikono yake itataka kupiga makofi. Naomba aizuie. Makofi ya flamenko, yanayoitwa palmas, yanapigwa na watu waliojifunza kazi hiyo. Nyimbo nyingi zinazunguka katika mapigo 12 ambayo mikazo yake haiangukii mahali sikio letu linapoitarajia, na mgeni mmoja anayepiga vingine anaweza kumvuruga mchezaji. Kusema "olé" mstari unapoisha na moyo umeguswa, hilo linaruhusiwa na linapendwa. Simu ziwekwe mfukoni. Kumbi nyingi huruhusu picha mwishoni tu.

Mwanafunzi_Granada

Mama, ngoja niongeze neno kuhusu mapango, kwa kuwa wengi wanayasifu bila kueleza.

Sacromonte ni mlima wa Granada unaotazamana na Alhambra, ngome na jumba la kale la wafalme Waislamu, na Wagitano waliishi humo katika nyumba zilizochimbwa ndani ya mlima mpaka mvua kubwa za mwaka 1963 zilipowafanya wengi wao wahamishwe. Baadhi ya familia ziliendeleza humo zambra, dansi ambayo asili yake ni sherehe za harusi. Pango ni refu na jembamba, kuta zimepakwa chokaa, viti vimepangwa pande zote mbili, na wachezaji wanapita katikati, karibu kabisa na magoti yako. Hakuna ukumbi mwingine utakaokuweka karibu nao namna hiyo. Lakini ni humo pia ambamo vikundi vya mabasi huingizwa mfululizo kila jioni, na msanii anayerudia onyesho lilelile mara kadhaa usiku mmoja hawezi kutoa roho yake kila mara. Mkienda, nunueni tiketi ya pango lenyewe badala ya ile ya basi na matembezi, chagueni onyesho la mwisho la usiku, na vaeni koti zito, kwa sababu mwezi wa pili Granada ni baridi kuliko mtu wa Katanga anavyodhani.

Kwa anayefuata sauti, hata hivyo, mimi ningemwelekeza Peña La Platería, katika mtaa wa Albaicín. Ilianzishwa mwaka 1949 na inahesabiwa kuwa peña ya kwanza kabisa. Wanaokaa humo ni wapenzi wanaomjua mwimbaji kwa jina la babu yake.

MamaKwaya_Kamalondo

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimemsomea mume wangu majibu yenu, na habari ya wimbo wa sauti na gita bila mchezaji imemgeuza hata yeye. Bado nina maswali mawili. Je, mgeni asiye mwanachama anaweza kuingia katika peña, tena mwanamke na mume wake ambao hawajui Kihispania? Na pili, nimeona matangazo mengi yenye neno rumba. Sisi tumekulia ndani ya rumba. Je, hilo lituvute au litupishe mbali?

MpigaGita_Katuba

Kuhusu peña, ndiyo, mnaweza kuingia usiku ambao umefunguliwa kwa watu wote, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya tablao. Zinaanza usiku sana, kwa kawaida mwisho wa juma, na matangazo yake yanabandikwa mlangoni au kwenye ukurasa wa peña yenyewe badala ya kupelekwa hotelini. Kifaransa na tabasamu vitatosha kuwaingiza. Kitu kimoja tu wanachokidai ni ukimya: mtu akianza kuimba, hata mhudumu anasimama na sinia lake.

Kuhusu rumba, elewa kwamba rumba ya flamenko ilitoka Kuba na kurudi na mabaharia na wasafiri, na kwamba rumba yetu ya Kongo, iliyoandikishwa na UNESCO mwaka 2021, nayo ilikunywa kutoka katika santuri za Kuba. Mtaitambua mara moja na mtafurahi. Hata hivyo ni muziki wa kuchangamsha, na usiku unaotangaza rumba pekee kwa kawaida hauna solea wala siguiriya. Ikiwa mna jioni chache, msiitumie mojawapo kusikiliza ndugu wa karibu wa kile mnachokipata Kamalondo kila Jumamosi.

Likasi_Madrid

Barcelona haijajibiwa, nami nisingependa Baba wa nyumba aondoke bila neno. Si kweli kwamba huko hakuna flamenko. Carmen Amaya, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mchezaji mkuu kuliko wote, alizaliwa Somorrostro, katika vibanda vya pwani ya Barcelona. Los Tarantos, katika uwanja wa Plaça Reial, ilifunguliwa mwaka 1963 na inatoa maonyesho mafupi kwa bei nafuu. Ila kwa safari yenu, kwenda Barcelona maana yake ni kuacha kusini, na kwa haja ya Mama nisingeacha kusini.

Mambo mawili ya pesa. Msinunue tiketi yoyote isiyorudishiwa fedha, iwe ya treni au ya onyesho, kabla viza zenu za Schengen hazijabandikwa kwenye pasipoti. Zikishatoka, nunueni moja kwa moja kwenye tovuti ya ukumbi, kwa sababu hoteli na vijana wanaogawa karatasi mitaani huongeza sehemu yao juu ya bei. Kumbi nzuri za Sevilla ni ndogo na hujaa mapema, na Jerez wakati wa tamasha vyumba vya kulala huisha kabla ya tiketi. Kwa hiyo chumba cha Jerez kitafuteni sasa hivi, mkichagua kile kinachoruhusu kufuta bila malipo.

Mama, ukiniandikia tarehe zenu kamili, nitaangalia ni waimbaji gani watakaokuwa Madrid juma hilo na nikutumie majina yao, ili jioni moja ya katikati ya juma, Baba akitoka darasani, isipite bure.